Nyonga Mpya Haitaki Kigoda

Hospitali ikishamruhusu mgonjwa aliyebadilishwa nyonga, ndugu huulizana nani ana gari, dawa zitanunuliwa wapi na nani atabaki naye nyumbani. Ni wachache wanaokumbuka kupima urefu wa kitanda. Na nyumba zetu nyingi zimekaa chini: kigoda cha jikoni, mkeka wa barazani, sofa linalomeza mtu, choo cha kuchuchumaa, ndoo ya kuogea sakafuni. Vyote hivyo humlazimisha mtu kuikunja nyonga kupita pembe mraba, na katika wiki za mwanzo nyonga mpya haistahimili hilo.

Sababu yake iko kwenye kazi yenyewe iliyofanyika. Daktari hukikata kichwa cha mfupa wa paja kilicholika, akapigilia shina la chuma ndani ya mfupa, juu yake akaweka tufe la chuma au la kauri, na upande wa fupanyonga akapachika kikombe chenye bitana ya plastiki ngumu. Mtindo huu umetokana na kazi ya daktari Mwingereza, John Charnley, aliyeanza kuutumia katika hospitali ya Wrightington mwaka 1962. Leo unafanyika hapa kwetu pia, Taasisi ya Mifupa Muhimbili ikiwa mfano mmoja. Sasa, linalolizuia tufe lisichomoke kwenye kikombe ni misuli na utando wa kuzunguka kiungo, na huko ndiko kisu kilikopita. Mpaka vishikane tena, tufe linaweza kuteguka.

Kwa aliyepasuliwa kwa upande wa nyuma, njia inayotumika sana, miiko huwa mitatu: asichuchumae wala kuinama sana, asipishanishe miguu, asiugeuze mguu uliopasuliwa kuelekea ndani. Kwa kawaida miiko hiyo hushikwa wiki 6 hadi 12. Aliyepasuliwa kwa mbele hupewa miiko mingine, na madaktari nao hutofautiana. Kwa hiyo aulizwe daktari aliyefanya upasuaji, si jirani ambaye shangazi yake alipasuliwa zamani.

Linalowashtua ndugu wengi ni kuona mgonjwa anasimamishwa siku ile ile au kesho yake. “Jamani, si mngemwacha apumzike kwanza?” Hapana. Ukikaa pembeni ukamtazama mtaalamu wa fiziotherapia akifanya kazi, utaona hakuna ukatili ndani yake, kuna mpangilio. Mgonjwa husogea polepole mpaka ukingoni mwa kitanda, mgongo ukiwa umeegemea nyuma kidogo. Huutanguliza mbele mguu uliopasuliwa. Hujisukuma kwa viganja juu ya godoro, wala havuti ile fremu ya kutembelea ambayo wodini huitwa woka, maana ikivutwa hupinduka naye. Akisimama hutulia kwanza, kwa sababu kizunguzungu ni cha kawaida. Kisha hatua: woka mbele, mguu mgonjwa, mguu mzima. Akitaka kugeuka, hugeuka kwa vihatua vidogo vidogo. Hauzungushi mwili huku mguu uliopasuliwa umesimama palepale. Kwenye ngazi, mguu mzima ndio hutangulia kupanda, na mguu mgonjwa ndio hutangulia kushuka.

Haraka hiyo ya kumsimamisha ni kwa ajili ya damu. Baada ya upasuaji wa nyonga, damu hupenda kuganda ndani ya mishipa ya mguu, na donge likichomoka hukimbilia kwenye mapafu. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa achezeshe nyayo juu na chini hata akiwa amelala, tena hupewa sindano za tumboni au vidonge vya kuzuia damu kuganda, ambavyo huweza kuendelea mpaka siku ya 35. Watu huziacha sindano hizi mapema kwa kuwa mgonjwa “anaonekana mzima”. Huo ni uzembe unaoweza kuua.

Na hapa lazima niseme juu ya kukanda, kwa sababu kwetu hakuna anayerudi kutoka hospitali asikutane na maji ya moto, mafuta na mikono ya bibi yenye upendo. Mguu utavimba, hilo litegemewe. Utavilia damu rangi ya zambarau, na rangi hiyo itateremka hadi gotini, pengine mpaka kwenye kifundo. Ndugu akiona hivyo huenda moja kwa moja jikoni kuchemsha maji. Asifanye. Maji ya moto karibu na mshono ni njia ya kuwakaribisha vijidudu, na kuukandamiza mguu wenye donge la damu kunaweza kulisukuma. Dawa za miti shamba nazo zingoje, kwani baadhi yake hugombana na dawa ya kuzuia damu kuganda. Bibi apewe kazi nyingine: kuhesabu dozi, kumshikilia mgonjwa nidhamu ya mazoezi, kuwazuia wageni wasijae chumbani saa ya kulala.

Maumivu ya siku ya pili na ya tatu mara nyingi huzidi ya siku ya kwanza, kwa sababu ganzi imekwisha. Dawa inywewe kwa saa zake, isisubiriwe mpaka mtu aanze kulia. Dawa kali za maumivu hufunga choo; maji, matunda na mboga za majani husaidia, na daktari anaweza kuongeza dawa ya kulainisha. Usingizi huwa wa vipande vipande. Wengine hulala chali, mto katikati ya miguu, wakihesabu mabati mpaka alfajiri.

Turudi nyumbani. Kitanda kiinuliwe kwa godoro la pili gumu, au kwa matofali yaliyokaa imara chini ya miguu yake. Kiti kiwe kigumu, chenye mikono, na kirefu kiasi kwamba akikaa magoti yawe chini kidogo ya nyonga. Kwa choo cha kuchuchumaa, fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuwekwa juu yake. Ni kazi ndogo, ila ifanywe kabla ya upasuaji. Ndoo ya maji ipandishwe juu ya stuli, mgonjwa aoge ameketi. Mikeka na vizulia viondolewe njiani, kandambili zipumzishwe. Kusali, asali kwenye kiti. Safari ya kutoka hospitali isiwe ya bajaji: ni gari lenye kiti cha mbele kilichorudishwa nyuma na kulazwa, akae kwanza, kisha miguu iingie pamoja na mwili.

Kwetu mgonjwa wa nyonga si mzee tu. Sikoseli huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, mfupa ukafa ukiwa bado mwilini mwa kijana. Kijana huyo ana la ziada la kulinda: baridi, kiu na homa huweza kumwamshia maumivu ya sikoseli juu ya maumivu ya mshono. Anywe maji ya kutosha, afunikwe vizuri, na kliniki yake ya sikoseli ijue kwamba amepasuliwa.

Yapo mambo yasiyongoja kupambazuke. Mshono unaotoa usaha au maji yasiyokoma, na homa inayopanda. Kigimbi kinachouma na kujaa ghafla. Kifua kubana na pumzi kukata. Maumivu makali ya ghafla kwenye nyonga, mguu ukaonekana umefupika na kupinda. Hapo ni hospitali, usiku huo huo.

Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14, na kliniki kubwa huwa karibu wiki ya 6. Hapo ndipo huulizwa habari za kuendesha gari, kupanda bodaboda na kurudi shambani. Lipo na swali la chumbani, ambalo wengi hurudi nalo nyumbani bila kulitoa. Kwa kawaida tendo la ndoa huruhusiwa kuanzia wiki ya 6 hivi, kwa mikao isiyovunja ile miiko, na aliyepasuliwa akilala chali huwa salama zaidi. Anayeona haya kumuuliza daktari amuulize muuguzi au mtaalamu wa mazoezi. Hatakuwa wa kwanza.