Gemu Inayokumbuka: Namna ya Kupima Maamuzi katika Hadithi za Kuchezwa

Mtu anayetaka kununua gemu huuliza kwanza habari za picha, sauti na bei. Kwa gemu za hadithi, hasa zile za ulimwengu wa kubuni wenye mizimu, waganga na wafalme, lipo swali kubwa kuliko hayo: mchezaji akiamua jambo, kuna kinachobadilika? Swali hilo lilipata uzito kwetu tarehe 23 Aprili 2024, ilipotoka Tales of Kenzera: ZAU. Mtu wa Nyegina, Bunda au Butiama, hapa kwetu mkoani Mara, akiipata gemu hiyo, anaweza kuicheza huku akiwasikia wahusika wakizungumza Kiswahili. Kwa sisi tuliozoea kupambana na Kiingereza cha gemu kwa kubahatisha, hilo ni jambo la kushangilia. Lakini shangwe isitufanye tuache kupima.

ZAU ilitengenezwa na Surgent Studios ya Uingereza. Mwanzilishi wake ni Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza katika familia yenye asili ya Kenya, ambaye wapenzi wa gemu walimfahamu kwa sauti ya Bayek katika Assassin's Creed Origins ya mwaka 2017. Salim alifiwa na baba yake, na msiba huo ndio uliozaa hadithi. Zuberi, kijana wa mji wa siku zijazo, anaomboleza baba yake na kufungua kitabu alichoachiwa naye. Ndani ya kitabu tunakutana na Zau, mganga kijana aliyefiwa vilevile. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na wanapatana: akimletea mizimu mitatu mikubwa iliyomponyoka, baba yake atarudishwa.

Nguvu ya gemu hii ipo katika namna inavyouheshimu msiba. Zau ana vinyago viwili, cha jua na cha mwezi, na mchezaji huvibadilisha katikati ya pambano: kimoja cha kushambulia kwa karibu, kingine cha kurusha mapigo kutoka mbali. Njiani ipo mibuyu ambayo Zau hukaa chini yake, akatulia na kusema yaliyo moyoni, na uhai wake huongezeka. Watunzi wamechota masimulizi kutoka sehemu nyingi za bara: Kalunga ni jina la kale katika imani za Wakongo na watu wa Angola, na Impundulu, ndege wa radi, anatoka katika simulizi za Wazulu na Waxhosa. Kazi imefanywa kwa mapenzi, na inaonekana.

Hata hivyo, mchezaji wa ZAU haamui hadithi. Anaamua aongeze uwezo gani kwanza, avae hirizi ipi, apite mlango upi kabla ya mwingine. Lakini mapatano na Kalunga yalishafungwa kabla hajashika pad, na yatafika mwisho uleule kwa kila mtu. Hilo si kosa, kwa sababu watunzi hawakuahidi kinyume chake. Walitaka kusimulia safari moja ya kuomboleza. Tatizo linakuja pale gemu inapojitangaza kuwa ya maamuzi yenye maana, na mhakiki akaisifu bila kuipima. Ili apime sawasawa, sharti aelewe kwanza kwa nini kutunga maamuzi ya namna hiyo ni kazi ngumu.

Gemu za kuigiza mhusika zilianzia mezani. Mwaka 1974 Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons. Wachezaji hukaa pamoja, kila mmoja akibeba nafsi ya mhusika wake, na mmoja wao huwa msimulizi. Mchezaji akisema haingii pangoni, atawasha moto mlangoni, msimulizi huwaza papo hapo moshi utaelekea wapi na nani atatoka akikohoa. Gemu ya kompyuta kwa kawaida haina msimulizi wa namna hiyo. Kila jibu la dunia yake lazima liwe limeandikwa, limechorwa na sauti zimerekodiwa kabla mchezaji hajaingia.

Hapo ndipo hesabu inapobana. Tuseme hadithi ina maamuzi kumi mfululizo, kila moja lina njia mbili, na hakuna njia inayokutana tena na nyingine. Miisho itakuwa 1,024. Hakuna studio inayoweza kuwalipa waandishi, waigizaji na wachoraji wa miisho 1,024, huku ikijua kwamba kila mchezaji huenda akaona mmoja tu. Kwa hiyo watunzi hutumia mbinu mbili. Ya kwanza ni kuzitenganisha njia kwa muda, kisha kuzikutanisha mbele. Ya pili ni kumbukumbu: programu huweka alama kwamba ulimsamehe mwizi fulani, na baada ya saa kumi za kucheza unamkuta mwizi yule ni mlinzi wa daraja unalotaka kuvuka. Hadithi kubwa imebaki moja, lakini uamuzi wako umezaa tunda.

Mbinu zote mbili ni halali. Zinapotumiwa kwa uvivu, mchezaji anapewa majibu matatu ya kuchagua na mzee wa kijiji anajibu maneno yaleyale kwa yote matatu. Hapo amedanganywa. Mimi huvipima vipande vya maamuzi kwa mambo matatu. La kwanza ni kujua: je, mchezaji alikuwa na habari za kutosha za kupima jambo, ingawa hakujua yote? La pili ni gharama: je, kila njia inamnyima kitu? Ikiwa njia moja ina zawadi na nyingine ina adhabu tupu, huo ni mtihani wenye jibu sahihi, na mchezaji atalitafuta jibu tu. La tatu ni kumbukumbu: je, watu na mahali pa dunia ile wanabeba alama ya alichofanya?

Kipande kinachofaulu yote matatu kipo katika The Witcher 3: Wild Hunt, gemu ya mwaka 2015 ya studio ya CD Projekt Red ya Poland, iliyojengwa juu ya vitabu vya Andrzej Sapkowski. Geralt, mwindaji wa mazimwi kwa malipo, anamsaidia kabaila mlevi kutafuta mke wake, Anna, aliyemkimbia baada ya kupigwa miaka mingi. Msako unamfikisha kwenye kinamasi kinachotawaliwa na wachawi watatu, ambako Anna anatunza watoto yatima. Chini ya mti mmoja wa kilimani kuna mzimu uliofungwa. Mzimu unaomba ufunguliwe na unaahidi kuwaokoa watoto. Wanakijiji wa jirani wanataka uuawe.

Geralt akiufungua, watoto wanaokoka, lakini kijiji kinaangamizwa, Anna anageuzwa zimwi na kufa, na kabaila anajinyonga. Akiuua, watoto wanapotea mikononi mwa wachawi, Anna anabaki hai akiwa amerukwa na akili, na mume wake anaondoka naye kumtafutia tiba. Mchezaji alikuwa na habari: alionywa na pande zote mbili, na alijua hakuna upande wa kuaminika kabisa. Gharama ipo kila upande. Na matokeo hayaji palepale chini ya mti. Yanakuja baadaye, mtu akiwa ameshaendelea na mambo mengine, kwa hiyo hawezi kurudi nyuma kwa urahisi na kujifanya hakuamua. Angalieni pia kwamba watunzi hawakuhitaji miisho 1,024. Jambo moja lilipangwa kwa uangalifu, likagusa uhai wa watu tunaowajali.

Mkoa wa Mara hauhitaji kufundishwa kwamba mchezo ni maamuzi. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama aliyebatizwa hapa Nyegina tarehe 23 Desemba 1943, alijulikana kwa umahiri wa bao. Bao la mashimo 32 na kete 64 halina dado wala bahati. Yote yako wazi mbele ya macho, na kete zilizoliwa hazitupwi nje, husambazwa upande wa aliyezila na kuendelea kufanya kazi. Kila hali ya ubao ni jumla ya yote yaliyoamuliwa kabla. Kujua, gharama na kumbukumbu vimo. Kinachokosekana ni hadithi.

Na hadithi zipo. Simulizi za Waikizu wa Bunda zinamtaja Nyakinywa, mwanamke mwenye uwezo wa mvua aliyetoka Kanadi upande wa Usukuma, na Samongo, mwindaji mwenye moto. Walishindana, mvua ikauzima moto, na utawala ukaenda kwa Nyakinywa. Simulizi za namna hiyo zimehifadhiwa na wazee wenyewe kwa maandishi, na baadhi zilichapwa mwaka 2003 katika mkusanyo wa historia za Mara uliohaririwa na mwanahistoria Jan Bender Shetler.

Mtunzi wa gemu akimweka mchezaji katika nafasi ya Samongo, asibadilishe nani alishinda, maana hiyo ni historia ya watu walio hai. Amwachie aamue namna ya kushindwa. Akubali mbele ya watu wote, na ndugu zake wamlaumu kwa kuwaachia wageni heshima yao? Aondoke na kaa la moto usiku, na wazee waliobaki walale kwenye baridi ya masika? Aombe sehemu ya utawala, na watoto wake warithi mzigo wa kugawana madaraka? Mbele, katika kijiji alichokipitia, mtu amkaribishe au amfungie mlango kwa sababu ya uamuzi ule. Hapa nabuni mimi, na kabla ya mtu yeyote kuliandika jambo hili kwa dhati, aketi kwanza na wazee wa Ikizu. Lakini tazameni jinsi mshindi anavyobaki yuleyule, na bado mchezaji ana mambo mazito ya kuamua.

Surgent Studios walitangaza mwaka 2024 kwamba wanatayarisha gemu ya kuigiza mhusika katika dunia hiyohiyo ya Kenzera. Ikitoka, wahakiki wetu wasitosheke kusikia Kiswahili. Wacheze kipande kilekile mara mbili, kila mara waamue tofauti, kisha waandike nini kilibadilika, kwa nani, na baada ya muda gani. Hakuna njia nyingine ya kujua kama uamuzi una maana. Anayecheza mara moja anajua hadithi aliyoiona, lakini hajui kama angeweza kuona nyingine.

Kwa walimu na wanafunzi wa sekondari za Musoma na Bunda nina ombi la moja kwa moja. Twine, programu ya bure iliyobuniwa na Chris Klimas mwaka 2009, humwezesha mtu kuandika hadithi yenye njia panda kwenye kompyuta ya kawaida, bila kujua kuchora wala kuandika programu kwanza. Maandishi matupu yanatosha. Anzeni na uamuzi mmoja wenye gharama pande zote mbili, wekeni alama ya kumbukumbu, na hakikisheni inarudi angalau mara mbili kabla ya mwisho. Mkiweza hilo, mmeshaijua sehemu ngumu ya ufundi huu, na studio itakayotafuta waandishi wa Kiswahili itawakuta tayari.