Ua Kabla ya Kamera: Kuwapiga Picha Chozi na Viumbe Wengine wa Uani katika Mitaa ya Eastlands

Upigaji picha wa wanyamapori nchini Kenya umezoeleka kuhusishwa na mbuga za Maasai Mara na Amboseli, magari ya watalii na lenzi ndefu za bei ghali, kiasi kwamba wakazi wengi wa mijini huamini kuwa fani hiyo haiwahusu. Imani hiyo haina msingi. Katika mitaa ya Eastlands, yaani upande wa mashariki wa jiji la Nairobi wenye makazi ya Kaloleni, Makadara, Jericho, Buruburu, Umoja, Donholm, Kayole na Dandora, wanaishi ndege, vinyonga, mijusi na vipepeo ambao mtu anaweza kuwapiga picha nzuri akiwa dirishani, kwenye roshani au katika ua wa nyuma ya nyumba. Anayevutia kuliko wote ni chozi, ndege mdogo mwenye mdomo mrefu uliopinda, ambaye hufyonza mbochi, yaani maji matamu ya maua. Ndege huyu anaonyesha wazi kwamba picha nzuri haianzi na kamera, bali huanza na mpiga picha kulijua ua na tabia ya kiumbe anayelitembelea.

Chozi na kolibri

Vitabu na video nyingi zinazofundisha namna ya kupiga picha ndege wa bustanini zimetungwa Amerika, na humzungumzia kolibri, ndege mdogo ambaye mabawa yake huvuma anapoelea hewani mbele ya ua. Kolibri wako zaidi ya spishi 350, na wote huishi katika mabara mawili ya Amerika na visiwa vyake, ingawa mwaka 2004 mtaalamu Gerald Mayr alitangaza visukuku vya ndege wa jamii hiyo vilivyopatikana Ujerumani, vyenye umri wa takriban miaka milioni 30. Chozi nao ni jamii nyingine kabisa, yenye spishi zaidi ya 140 zilizoenea Afrika, Asia na hadi Australia. Jamii hizi mbili hazina undugu wa karibu. Zimefanana kwa sababu kila moja, kwa njia yake, ilizoea kula mbochi, na kazi hiyo inahitaji mdomo mrefu, ulimi wa kufyonzea na mwili mwepesi.

Tofauti iliyopo ina maana kubwa kwa mpiga picha. Kolibri wengi hupiga mabawa mara 50 au zaidi kwa sekunde huku wakila wakiwa hewani, na ndiyo maana Mmarekani Crawford Greenewalt, aliyechapisha kitabu mashuhuri kuhusu ndege hao mwaka 1960, alilazimika kutumia taa maalumu zenye mwako mfupi mno ili kuyagandisha mabawa yao pichani. Chozi anaweza kuelea kwa muda mfupi, lakini kwa kawaida hutua kwanza kwenye shina au kikonyo cha ua, akashika kwa kucha, ndipo akala. Kwa hiyo mkazi wa Umoja hahitaji mitambo ya Greenewalt, kwa kuwa ndege wake humpa sekunde kadhaa za utulivu, na kinachobaki ni kujua atatua wapi.

Mavazi ya dume na siri ya rangi

Katika bustani za Nairobi huonekana spishi kadhaa za chozi. Mmoja ambaye ni wa kawaida sana ana urefu wa takriban sentimita 10; dume lake lina mgongo wa kijani kinachong'aa, kifua cha zambarau na tumbo la njano. Mwingine ni mkubwa zaidi, mweusi wa kahawia mwenye kifua chekundu sana, na wa tatu ana rangi ya shaba na manyoya mawili marefu katikati ya mkia. Majike ya spishi nyingi yamevaa rangi za kijivu au hudhurungi zilizofifia, na mpiga picha asiyelijua hilo huyapuuza akidhani ni ndege wengine.

Mng'ao wa dume hautokani na rangi ya kawaida peke yake, bali na tabaka nyembamba mno zilizo ndani ya vinyoya, ambazo hurudisha baadhi ya rangi za mwanga na kuziacha nyingine, kama zinavyocheza rangi juu ya povu la sabuni. Mwanga ukitoka upande usiofaa, ndege yuleyule aliyekuwa kijani na zambarau huonekana mweusi tititi. Kutokana na hali hiyo, mpiga picha wa chozi husimama jua likiwa nyuma yake au kando kidogo, na hupiga picha nyingi mfululizo ndege anapogeuza kichwa, kwa sababu mng'ao huo unaweza kutokea katika picha moja tu kati ya kumi.

Ua ndilo kituo cha kazi

Katika miaka ya 1970, watafiti Frank Gill na Larry Wolf waliwachunguza chozi wenye mabawa ya dhahabu karibu na Ziwa Naivasha, wakati ndege hao walipokuwa wakila kwenye mimea ya Leonotis, yenye maua ya rangi ya chungwa yaliyojipanga kwa duara kulizunguka shina. Waligundua kwamba kila ndege alilinda eneo lake dhidi ya wenzake, na kwamba ingawa maeneo hayo yalitofautiana sana kwa ukubwa, idadi ya maua ndani yake ilikaribiana, takriban 1,600, kiasi kilichotosha mahitaji ya ndege mmoja kwa siku. Chozi, kwa maneno mengine, hazururi ovyo. Huyajua maua yake, huyarudia kwa zamu na huwafukuza wavamizi. Mpiga picha anayemkimbiza huambulia mkia, ilhali anayekaa karibu na ua lenye mbochi huletewa ndege.

Mshubiri, mmea unaostahimili ukame na kukua hata ndani ya mtungi wa plastiki uliokatwa, unafaa sana kwa kazi hii. Maua yake hujipanga juu ya shina moja refu na hufunguka kuanzia chini kwenda juu. Chozi hutua kwenye shina hilo, huingiza mdomo katika ua moja, hutulia kwa muda mfupi ulimi wake ukifanya kazi, kisha huinua kichwa na kulihamia ua la jirani, huku chavua ya njano ikizidi kumganda kwenye paji la uso. Ule muda mfupi kati ya ua moja na jingine, mdomo unapokuwa wazi na jicho limepata mwanga, ndio wa kubonyeza kitufe. Mwenye kuujua mpangilio huo huielekeza lenzi mapema kwenye ua linalofuata.

Nafasi ya kupanda maua hutofautiana kulingana na historia ya mtaa. Kaloleni, uliojengwa miaka ya 1940 kwa mpango wa nyumba za chini zilizozungukwa na viwanja vya nyasi na miti, na Buruburu, uliojengwa miaka ya 1970 kwa nyumba zenye ua mdogo mbele na nyuma, ina udongo wa kutosha kwa mishubiri, migomba na kalistemoni, mti wa vishada vyekundu vya nyuzinyuzi. Mgomba wenyewe ni hazina, kwa kuwa ua lake kubwa linaloning'inia huwavutia chozi pamoja na nyuki. Katika nyumba za ghorofa za Umoja na Kayole, ndoo mbili za maua kwenye roshani, karibu na kamba ya nguo, zaweza kutosha, hasa kama jirani naye atafanya vivyo hivyo.

Wapenzi wa kolibri huko Amerika huning'iniza chupa za maji ya sukari. Njia hiyo inawezekana hata kwa chozi, lakini maji hayo huchacha upesi kwenye joto, huota ukungu unaoweza kumdhuru ndege, na yanadai kuoshewa chupa mara kwa mara. Ua hujaza mbochi lenyewe, tena hupendeza pichani kuliko plastiki.

Nuru, lenzi na simu

Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi takriban mwaka mzima na kupanda haraka. Mwanga laini hudumu kwa muda mfupi. Ifikapo saa nne vivuli vimekuwa vikali, na kati ya majengo marefu yaliyobanana mwanga huingia uani kwa vipande. Saa moja hadi saa tatu asubuhi ndiyo nafasi bora, na vilevile saa kumi hadi jioni. Ukuta mweupe unaopigwa na jua, ukiwa mkabala na ua, hurudisha mwanga mzuri na kupunguza giza chini ya majani.

Kwa mwenye kamera, lenzi ya milimita 300 au zaidi hutosha kumleta karibu ndege aliye umbali wa mita chache. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia, ifikie 1/1000 ya sekunde kwa ndege aliyetua na 1/2000 au zaidi kwa anayeruka. Kasi hiyo hupunguza mwanga, kwa hiyo tundu la lenzi hufunguliwa zaidi na ISO, ambayo ni kipimo cha wepesi wa kamera kuupokea mwanga, huongezwa hata kama picha itakuwa na chengachenga kidogo, maana picha yenye chengachenga inafaa kuliko iliyotikisika.

Mwenye simu naye hajaachwa nyuma. Kukuza picha kwa vidole hakumsogezi ndege, bali hukata tu sehemu ya picha na kuipanua. Njia bora ni kuiweka simu yenyewe karibu na ua, ikiwa imefungwa imara kwenye kijiti au dirishani, kisha kurekodi video au kubonyeza kwa mbali kwa kutumia kitufe cha sauti cha spika za masikioni, ambacho katika simu nyingi hufyatua kamera. Wengine huliweka jicho la simu kwenye darubini na kupata picha za kuridhisha.

Kujificha nako ni sehemu ya kazi. Waingereza wawili, ndugu Richard na Cherry Kearton, ambao picha yao ya mwaka 1892 ya kiota chenye mayai huhesabiwa miongoni mwa za mwanzo kabisa za aina hiyo, walifikia hatua ya kujificha ndani ya ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa mfano wa mnyama hai. Cherry baadaye alifika Kenya mwaka 1909 kurekodi filamu za wanyama. Mkazi wa Eastlands anahitaji pazia tu. Akizima taa ya chumba, akapitisha lenzi kati ya vyuma vya dirisha na kutulia, ndege hawatamjali.

Viumbe wengine wa mtaani

Mtaa una mengi zaidi ya chozi. Kwenye mti wa limau au ndimu, kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano hutaga mayai, na viwavi wake wachanga hufanana na kinyesi cha ndege ili wasiliwe. Wakiguswa hutoa pembe laini za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Usiku, mjusi kafiri huwinda nondo chini ya taa ya barazani, na kwa vile hukaa tuli kabla ya kurukia windo, ni mwalimu mzuri wa anayejifunza kutumia mwanga hafifu. Mwewe, wanaozunguka juu ya mabucha na masoko, hufundisha kumfuata kwa lenzi ndege aliye angani. Korongo marabu wa jaa la Dandora, ambao upana wa mabawa yao hupita mita mbili, si warembo, lakini picha zao zinaeleza habari ya taka za jiji kuliko maneno mengi. Mbele zaidi, mabwawa ya kusafishia majitaka yaliyoko Ruai ni eneo linalotambuliwa kuwa muhimu kwa ndege, na kati ya Oktoba na Aprili hupokea ndege wa majini wanaohama kutoka Ulaya na Asia. Kuingia humo kunahitaji kibali.

Adabu na sheria

Kiota cha chozi ni mfuko unaoning'inia, uliosukwa kwa nyasi na majani makavu na kufungwa kwa utando wa buibui, ukiwa na mlango ubavuni na mara nyingi kibaraza kidogo juu yake. Ni kivutio kikubwa, na hapo ndipo wapiga picha hufanya madhara zaidi. Kukata majani ili kiota kionekane huwafungulia njia kunguru, na kusimama karibu kwa muda mrefu huweza kumfanya jike ayaache mayai. Hata mpiga picha hukabiliwa na hatari: mwaka 1937, Mwingereza Eric Hosking, mmoja wa mabingwa wa fani hii, alipoteza jicho baada ya kushambuliwa na bundi alipokuwa akienda kumpiga picha kiotani.

Majirani nao wana haki zao. Lenzi ndefu inayoelekezwa roshani ya mtu huleta ugomvi, na Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Kwa hiyo inafaa kuwajulisha wanaoishi mkabala kinachopigwa picha, na pengine kuwaonyesha. Wakazi wa Eastleigh wakumbuke kwamba karibu nao ipo kambi ya jeshi la anga, na kupiga picha maeneo ya kijeshi ni kosa kisheria, hata kama kinachofuatwa ni mwewe.

Picha iliyopigwa vizuri, ikaandikwa tarehe na mahali, ni kumbukumbu ya kisayansi. Mradi wa Ramani ya Ndege wa Kenya hukusanya taarifa za ndege kutoka kwa wananchi wa kawaida, na chama cha Nature Kenya, kilichotokana na jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1909, kina matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, matembezi yaliyoanzishwa na Bi. Fleur Ng'weno mwaka 1971. Mkazi wa Eastlands mwenye hamu ya fani hii asisubiri fedha za lenzi wala safari ya mbugani. Apande mshubiri sasa, ajifunze saa ambazo ndege huja, na aanze na simu aliyonayo mkononi.