Wi-Fi Ndani ya Nyumba za Mawe

Nyumba kongwe za mawe za Mji Mkongwe wa Unguja na za mji wa Lamu zilijengwa kwa matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa, zikawa na kuta zenye unene unaofikia nusu mita na pengine kuzidi, huku upana wa vyumba ukiamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, ambazo kwa kawaida hazivuki mita 3. Kwa sababu hiyo nyumba haikukuzwa kwa kupanua chumba, bali kwa kuongeza chumba kingine nyuma ya kile cha kwanza, na kila chumba kilichoongezwa kilikuja na ukuta wake. Ujenzi huo, uliofaa sana kuzuia joto la mchana, ndio unaoyakwamisha leo mawimbi ya Wi-Fi, yaani mawimbi ya redio yatokayo kwenye ruta, kifaa kinachopokea intaneti kutoka kwa mtoa huduma na kuigawa kwa simu na kompyuta za nyumbani.

Katika nyumba ya zamani ya Lamu mgeni huingia kwa daka, yaani kibaraza cha mlangoni, akapita tekani, yaani ukumbi mdogo wa ndani ya mlango, akafika kiwandani, yaani ua ulio wazi juu. Kisha hufuata misana miwili, yaani vyumba virefu vyembamba, iliyopangwa mmoja nyuma ya mwingine, na mbele zaidi ndipo palipo ndani, chumba cha faragha ya wenyeji. Waya wa mtoa huduma huingilia upande wa barabarani, na fundi, ambaye hana sababu ya kutembea na waya kuliko anavyolazimika, huiweka ruta papo hapo karibu na mlango. Aliyeipanga nyumba hiyo alikusudia kwamba yatokayo nje yasifike ndani kwa urahisi, na kusudio lake linatimia hata kwa wimbi la redio ambalo hakulijua.

Mkazi anayeona picha za video zikikwamakwama chumbani aghalabu hukimbilia kununua kifurushi chenye kasi kubwa zaidi, jambo ambalo halisaidii ikiwa kasi inapotelea ndani ya nyumba yenyewe. Njia ya kuutambua ugonjwa ni rahisi: kasi ya intaneti ipimwe kwanza karibu na ruta, kisha ipimwe kwa simu ileile katika chumba cha mbali. Vipimo vyote viwili vikiwa vibaya, lawama ni ya mtoa huduma au ya kifurushi. Cha kwanza kikiwa kizuri na cha pili kibaya, lawama ni ya ukuta, na fedha zitumike kwingine.

Nguvu ya wimbi linalopokelewa hupimwa kwa desibeli, kipimo ambacho hakijumlishi bali huzidisha, kwa maana kwamba kupungua kwa desibeli 3 ni kupoteza nusu ya nguvu, na kupungua kwa desibeli 10 ni kubakiwa na sehemu moja ya kumi. Kama ukuta mmoja unameza desibeli 10, kuta tatu za namna hiyo huacha sehemu moja tu ya elfu moja ya nguvu iliyotoka. Zipo programu za bure za simu zinazoonyesha kipimo hicho kwa namba hasi: hasi 50 ni nguvu nzuri, hasi 67 hutosha kwa mazungumzo ya video, na ikifika hasi 80 mawasiliano huwa ya kubahatisha. Unyevu huongeza hasara, kwa kuwa maji hufyonza mawimbi haya, na matumbawe ni mawe yenye vitundu yanayonywa maji. Hivyo ukuta uliolowa kwa masika huzuia zaidi kuliko ukuta mkavu.

Ruta nyingi za sasa hurusha mawimbi ya aina mbili: yale ya masafa ya gigahezi 2.4, yaani yanayotetema mara bilioni 2.4 kwa sekunde, na yale ya gigahezi 5. Haya ya pili hubeba data kwa kasi kubwa zaidi lakini hudhoofika upesi yanapopenya kuta, ilhali ya kwanza ni ya polepole na hupenya vizuri zaidi. Ruta ikizipa aina zote mbili jina moja, simu hujichagulia yenyewe, na uchaguzi wake si wa busara kila mara. Kuzitenganisha kwa majina mawili humwezesha aliye mbali kushikilia gigahezi 2.4 kwa makusudi.

Kabla ya kununua chochote, ruta yenyewe ihamishwe. Kiwanda, ambacho hakina paa, ni njia ya wazi ambayo wimbi linaweza kuipita bila kugusa jiwe, na milango ya misana inayotazamana nayo ni njia nyingine. Kwa hiyo ruta iliyowekwa chini ya paa la msana wa kwanza, mahali pa juu panapotazama uwazi huo, hufika mbali kuliko iliyofichwa nyuma ya runinga au ndani ya kidaka cha ukutani, ambako jiwe huizunguka pande tatu. Antena iliyosimama wima husambaza mawimbi zaidi kwa upande kuliko kwa juu, na ndiyo sababu katika nyumba za ghorofa za Unguja inafaa kuilaza antena moja ikiwa chumba kinachohitaji huduma kiko juu ya ruta.

Kifaa kinachouzwa zaidi kwa tatizo hili ni kirudishi, ambacho hupokea wimbi la ruta na kulirusha upya. Kosa linalofanywa na wengi ni kukichomeka katika chumba chenye shida, mahali ambapo hakina kizuri cha kupokea, hivyo hurudisha udhaifu uleule kwa sauti kubwa. Mahali pake ni katikati, ambapo wimbi bado lina nguvu. Hata hapo, kirudishi chenye redio moja hupokea na kurusha kwa zamu, na kasi hushuka kwa takribani nusu. Ruta yenye nguvu zaidi nayo si dawa kamili, kwa sababu mawasiliano ni ya pande mbili: ruta inaweza kupaza sauti, lakini simu, yenye antena ndogo na betri ya kutunzwa, hulazimika kuijibu kupitia kuta zilezile.

Katika nyumba zenye kuta kama hizi, suluhisho linalostahili kutangulizwa ni kuupeleka waya mpaka karibu na chumba, kisha kuliacha wimbi lisafiri hatua chache za mwisho tu. Kebo ya mtandao ya daraja la Cat5e hubeba gigabiti 1 kwa sekunde hadi umbali wa mita 100, na mwisho wake huunganishwa na kituo cha kurushia, ambacho chaweza kuwa ruta ya zamani iliyoachwa kabatini. Ruta hiyo hubadilishwa anwani yake isigongane na ile kuu, huzimwa huduma yake ya kugawa anwani kwa vifaa ili kazi hiyo ibaki kwa ruta moja, na kebo huchomekwa katika moja ya matundu yake ya kawaida, si katika lile la mtoa huduma. Ununuzi wa kebo unahitaji jicho kali, kwani zipo za bei nafuu ambazo nyaya zake ni alumini iliyopakwa shaba, hukatika upesi na hupoteza nguvu njiani. Itakayopita uani iwe na ganda linalostahimili jua, na viungio vyake vikingwe dhidi ya hewa ya chumvi.

Kebo yaweza kufuata boriti na kupenya milangoni bila kutoboa ukuta, na ikilazimika kutoboa, tundu lizibwe kwa chokaa badala ya saruji, kwa kuwa saruji hufungia unyevu ndani ya matumbawe na kuyabomoa polepole. Katika Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, ni vyema pia kuwasiliana kwanza na mamlaka ya hifadhi. Vipo vifaa vinavyopitisha data katika nyaya za umeme za nyumba, lakini matokeo yake hutegemea hali ya nyaya hizo, na nyaya kuukuu hazitabiriki.

Vituo viwili vikipewa jina na nywila moja, simu huhama yenyewe kutoka kituo kimoja hadi kingine mtu anapotembea, ingawa baadhi ya simu hung'ang'ania kituo cha kwanza hata wimbi lake likiwa limefifia. Hapo hupunguzwa nguvu ya kurusha ya ruta iliyo mlangoni, nazo simu huliachia wimbi lake mapema.