Anga Iliyo Ndani ya Kioo

Kiswahili kina neno moja, kioo, kwa kitu tunachopenyezea macho na kwa kitu tunachojitazamia sura. Kwa ndege, maana hizo mbili ni mitego miwili. Kioo kinachoakisi humwonyesha mti na mawingu mahali palipo na ukuta. Kioo kinachopenyeza humwonyesha ua la chunguni lililo sebuleni, naye hulifuata kwa kasi ile ile ya hewani. Hata sisi kioo safi hatukioni. Tunakitambua kwa fremu, kitasa na mazoea ya kuishi majumbani. Ndege hana mazoea hayo. Ndiyo maana sikubali kwamba ndege aliyekutwa amekufa chini ya dirisha amepatwa na ajali tu. Ameuawa na kasoro ya ujenzi, na kasoro hiyo inarekebishika.

Ushahidi ulio wazi unatoka Chicago, Marekani. Usiku wa kuamkia Oktoba 5, 2023, ndege wahamao walipita kwa wingi juu ya mji ule wakielekea kusini, na kulipokucha karibu 1,000 waliokotwa wamekufa kuzunguka jengo moja la McCormick Place, ukumbi wa mikutano ulio kando ya Ziwa Michigan. Jumba la makumbusho la Field limekuwa likiokota na kuhesabu ndege hapo tangu 1978. Kwa hesabu hizo za miaka mingi, utafiti uliochapishwa 2021 ulionyesha kwamba kupunguza eneo la madirisha yenye mwanga hadi kiwango cha chini kabisa kilichowahi kurekodiwa hapo kungepunguza ndege wanaojigonga kwa asilimia 60 hivi. Ndege wengi wadogo husafiri usiku. Taa huwavuta, huwazungusha, huwashusha chini wakiwa wamechoka, na alfajiri vioo huwamalizia. Mwaka 2024 vioo vya jengo hilo vilibandikwa utando wenye nukta ndogo ndogo, kwa dola milioni 1.2. Msimu uliofuata vifo vilishuka kwa takriban asilimia 95. Ndege walipita njia yao ya siku zote. Kioo ndicho kilichobadilika.

Msomaji anaweza kusema hayo ni mambo ya maghorofa ya ughaibuni. Lakini huko huko Marekani, ambako makadirio ya 2014 yalikuwa kati ya ndege milioni 365 na 988 wanaokufa kwa kugonga majengo kila mwaka, maghorofa marefu yalihusika na chini ya asilimia 1 ya vifo. Vilivyobaki ni vya nyumba za kawaida na majengo mafupi, yaani majengo kama tuliyo nayo. Na nguvu ya taa tunaijua hapa hapa. Katika hoteli ya Ngulia, Tsavo Magharibi, taa zilizowekwa ili wageni waone wanyama usiku huwateremsha maelfu ya ndege watokao Ulaya na Asia, hasa Novemba na Desemba, ukungu unapotanda na mwezi haupo. Wataalamu wamewatumia kwa elimu, wakiwavisha pete miguuni na kuwaachia. Taa ya aina hiyo ingekuwa mbele ya ukuta wa vioo, mambo yangekuwa mengine.

Wapo wanaosema paka huua ndege wengi zaidi. Ni kweli, ila kifo kimoja hakihalalishi kingine, na dirisha ni rahisi kulituliza kuliko paka. Hoja ya ulinzi ina uzito zaidi, kwa kuwa hakuna atakayezima taa ya geti ili wezi wafurahi. Mwenye nyumba hahitaji kuizima: aielekeze chini, aweke inayowaka mtu anapopita, na ofisi zisizo na mtu usiku zizimwe taa. Kuhusu gharama, bei ya Chicago ilikuwa ya kurekebisha jengo kubwa lililokwisha kujengwa. Anayejenga sasa anaweza kuchagua kioo chenye michoro tangu mwanzo. Stika moja ya mwewe haisaidii, maana ndege huikwepa na kugonga pembeni yake. Alama zipachikwe upande wa nje, zikiachana kama sentimita 5.

Kwetu kuna kinga iliyokwisha kuzoeleka: wavu wa mbu. Ukiwa nje ya kioo, huvunja ile taswira ya anga na pia humpokea ndege kwa ulaini. Madirisha mapya ya aluminiamu mara nyingi huwa na wavu upande wa ndani, ambako humzuia mbu lakini humwacha ndege na ukuta wake wa mawingu. Kabla fundi hajafunga fremu, aambiwe auweke nje.