Magari Juu ya Gari la Moshi

Leo twataka kueleza habari za kazi moja ya reli katika nchi ya Marekani, nayo ni kuchukua matela ya malori, pamoja na magurudumu yake, juu ya mabehewa ya gari la moshi. Huenda msomaji akauliza, "Je, chombo chenye magurudumu yake mwenyewe chapakiwa kwa nini juu ya magurudumu mengine?" Ni swali la haki, na mbele tutaona kwamba ndilo lililokuja kuiponza kazi hiyo.

Asili yake ni ya zamani. Mwaka wa 1872 watu wa sarakasi ya P. T. Barnum walianza kusafiri kwa reli, wakawa wakipandisha magari yao ya farasi juu ya mabehewa yasiyo na kuta. Mwaka wa 1926 reli ya umeme iliyokwenda baina ya Chicago na Milwaukee ilianza kubeba matela ya malori, na mwaka wa 1936 reli ya Chicago Great Western ikafuata. Lakini kazi ilikua polepole, maana serikali ilikuwa na kanuni nyingi juu ya ujira wa kuchukua mizigo, na haikuwa wazi ni zipi zilizohusu tela lililopakiwa katika reli. Mwaka wa 1954 tume ya serikali ilitoa hukumu ya kulieleza jambo hilo, ndipo mlango ulipofunguka. Mwaka uliofuata reli ya Pennsylvania na wenziwe waliunda kampuni ya Trailer Train, ili mabehewa yatumiwe kwa shirika.

Na tutazame jinsi ya kupakia. Mabehewa yalipangwa katika mstari mmoja, na mwisho wa mstari palikuwa na ulalo wa mbao au wa udongo. Dereva alilisukuma tela kinyumenyume juu ya ulalo, akavuka behewa moja hata jingine kwa kupita juu ya mabamba ya chuma, mpaka mwisho kabisa. Kisha tela likafungwa imara, na la pili likaja. Haikuwa kazi ya mwanafunzi! Tena lililoingia mwisho ndilo lililotoka kwanza. Likiharibika hilo, yote ya nyuma yake yalingoja. Lakini ulalo ulikuwa rahisi kwa bei, hata mji mdogo wa wakulima uliweza kuwa nao, na matunda na nyama zikafika mbali bila kupakuliwa njiani.

Fahari yake ilionekana mwaka wa 1968, reli ya Santa Fe ilipoanzisha gari liitwalo Super C, lililokwenda toka Chicago hata Los Angeles, maili zaidi ya 2,000, kwa muda wa saa 40 hivi. Likakoma mwaka wa 1976, baada ya kupoteza mizigo ya posta.

Adui mkubwa alikuwa kasha la chuma. Mwaka wa 1956 Malcom McLean alipeleka makasha 58 kwa meli toka Newark hata Houston. Mwaka huohuo ilipitishwa sheria ya kujenga barabara kuu za nchi nzima, zikawafaa sana wenye malori. Basi, magurudumu ya tela ni uzito usiolipiwa, na tela haliwezi kubeba tela jingine mgongoni. Kasha laweza: tangu 1984 magari ya kampuni ya APL yalitoka California kwa ratiba, yakiwa na makasha mawili mawili, moja juu ya jingine, na injini zilezile zikavuta mizigo mingi zaidi.

Lakini kasha lataka winchi kubwa, nayo ni ghali. Kwa sababu hiyo kampuni zilikusanya kazi katika vituo vichache vikubwa, na lalo za miji midogo zikafungwa kwa mamia. Sisi twaona hapo ndipo palipokuwa na hasara, wala haikuandikwa katika hesabu za reli: mkulima wa mji ule aliachiwa barabara tu. Katika miaka ya 1990 makasha yaliyapita matela kwa wingi. Matela yangali yakibebwa, hasa yenye vifurushi vya haraka, lakini ni sehemu ndogo, na hupandishwa kwa winchi.