Je, Wajua? Boila Inayopanda Presha Yenyewe

Je, wajua kwamba boila ya nyumbani ikipanda presha ovyo, wakati inapopanda ndio unaokuonyesha ugonjwa ulipo? Katika nyumba nyingi za Uingereza, maji ya redieta huzunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, na yakiwa baridi geji husoma bar 1 hadi 1.5. Yakipashwa kutoka nyuzi 10 hadi 80 za Selsiasi, ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia 3. Ongezeko hilo hupokelewa na tangi dogo lenye utando wa mpira: maji upande huu, hewa upande ule.

Geji ikiruka boila inapowaka na kushuka inapopoa, shuku tangi hilo. Lina vali kama ya tairi la gari. Fundi akiibonyeza yakatoka maji badala ya hewa, utando umepasuka.

Presha ikipanda hata boila ikiwa imezimwa na kupoa, maji ya bomba kuu yanapenya. Funga vali za mpira wa kujazia maji, kisha uuchomoe. Presha ikitulia, vali ndiyo iliyokuwa inapitisha. Ikizidi kupanda, tatizo huwa ndani zaidi, pale maji ya kuogea na ya redieta yanapotenganishwa na mabamba membamba ya chuma. Tundu dogo latosha.

Ikifika bar 3, vali ya usalama humwaga maji nje. Tafadhali usiizibe kamwe, hata ikidondosha. Kazi ya gesi yenyewe, kisheria, ni ya fundi aliyesajiliwa na Gas Safe.