Tuta la Barabarani na Hesabu ya Mwendo

Barabara kuu itokayo Kigoma kwenda Nyakanazi hupita katika miji ya Kasulu na Kibondo. Lami humfanya dereva asahau kwamba ameingia mjini, ambako kikomo cha sheria ni kilomita 50 kwa saa.

Tuchukulie kwamba mtoto anatokea mita 40 mbele ya gari. Dereva hupoteza sekunde 1 kabla ya kukanyaga breki. Kisha kila sekunde mwendo hupungua kwa mita 7 kwa sekunde. Gari la kilomita 50 husimama baada ya mita 28. Gari la kilomita 80 humfikia mtoto likiwa bado na kilomita 56 kwa saa.

Mwaka 1973 mtafiti Watts wa Uingereza alieleza tuta la mgongo wa duara, upana mita 3.7, kimo sentimita 10. Aendaye polepole halimsumbui. Mwenye haraka humrusha. Katika barabara kuu, ni lazima alama za tahadhari zilitangulie.

Mwanafunzi, rudia hesabu kwa siku ya mvua, breki zikishika nusu tu. Utaona kwamba mbele ya shule hata kilomita 50 ni nyingi.